Gurudumu Lililokuwa Linalia



Somo: Kutoka 21:28-29, Hesabu 7:6-9, Matendo ya Mitume 27

Katika sheria alizopewa Musa kuna moja ambayo haihubiriwi mara nyingi, nayo ni ile ya ng'ombe apigaye watu pembe. Ng'ombe akimuua mtu, anauawa, lakini mwenyewe anaachiliwa, hana hatia. Mstari unaofuata unageuza hukumu yote. Kama ng'ombe huyo alikuwa na desturi ya kupiga pembe tangu zamani, na mwenyewe alikwisha kuonywa, naye hakumfunga, basi damu ya aliyekufa iko juu ya mwenyewe.

Tuangalie vizuri kitu kinachotofautisha watu hawa wawili. Ng'ombe ni wa aina moja, na aliyekufa amekufa vilevile. Tofauti iko katika neno moja tu: alionywa. Mungu wetu anahesabu kile tulichokijua. Ndiyo maana pia katika Kumbukumbu la Torati 22:8 anamwambia mtu anayejenga nyumba aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, asije mtu akaanguka na nyumba ikawa na damu. Haikutosha kuomba kwamba mtoto asianguke. Ukuta ulitakiwa kujengwa.

Tumechagua somo hili kwa sababu ya lori. Maneno yamekuwa mengi, kuanzia Base Camp hadi Juru, kwenye foleni ya maji na hata ndani ya vikundi vya maombi, kuhusu yale yaliyotokea siku ile tulipokwenda kumzika mama yetu kule Rubondo. Wengine wanamlaumu dereva. Wengine wanasema kanisa limeiaibisha familia. Tumeona si vizuri mambo haya yaendelee kusemwa pembeni wakati gazeti letu lipo, nasi wachungaji tupo.

Kwa wale ambao hawakuwepo, tueleze kwa kifupi. Lori la ushirika wa makanisa yetu mnalijua, lile kuukuu ambalo limebeba mahindi, miti ya kujengea, kwaya na maharusi. Siku ile lilibeba jeneza na waombolezaji wapatao arobaini. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, barabara ya udongo ilikuwa na utelezi, na sehemu mbili tulipita kwenye maji. Tulipokuwa tumebakiza kilomita kama saba, dereva alipunguza mwendo. Alizima redio. Akaenda kidogo, akakata kona moja kwenda kushoto, akasikiliza, kisha akasimama na kuteremka.

Tuliokaa upande wa mbele tulikuwa tumeusikia mlio ule, lakini tulidhani ni tairi linasaga changarawe. Ulikuwa mlio mzito wa kunguruma, kama jiwe la kusagia unga, na ulipanda kila gari lilipoongeza mwendo. Dereva alieleza baadaye kwamba tairi likisaga barabara mbaya linanyamaza barabara ikiwa nzuri, lakini mlio huu ulibaki palepale. Tena ulizidi gari lilipopinda kushoto, kwa maana uzito wote wakati huo unalalia upande wa kulia. Kwa hiyo alikwenda moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele kulia. Alisogeza kiganja karibu na habu bila kuigusa, akakirudisha upesi. Lile la kushoto lilikuwa na joto la kawaida, lakini hili la kulia lilikuwa moto kama sufuria iliyotoka jikoni.

Watu waliteremka, jeki ikawekwa, na mawe yakawekwa kwenye magurudumu ya nyuma. Alishika tairi kwa mkono mmoja juu na mwingine chini, akalisukuma na kulivuta. Gurudumu zima likacheza kama jino bovu. Alipofungua kifuniko cha katikati, grisi iliyotoka ilikuwa nyeusi kama masizi, na ndani yake vipande vidogo vya chuma viking'aa.

Hapo ndipo manung'uniko yalipoanza. Mama mmoja mzee alisema kwa upole, "Mwanangu, endesha tu polepole, Mungu yupo." Dereva akamjibu, "Mama, Mungu yupo kweli, lakini beringi haipo tena." Wengine hawakuwa wapole kama yule mama. Mmoja alimwambia dereva kwamba hana imani, kwamba shetani anataka kuzuia mazishi ya mtumishi wa Mungu, na kwamba tukemee tu gari litakwenda. Dereva alitoa ufunguo, akautia mfukoni, akakaa chini ya mti. Hakubishana na mtu.

Sasa tuzungumze kidogo juu ya chombo chenyewe, kwa maana wengi wanaosema habari zake hawajawahi kukiona. Beringi inakaa ndani kabisa ya gurudumu, mahali ambapo jicho halifiki. Gurudumu la mbele la lori kama lile lina beringi mbili, kubwa kwa ndani na ndogo kwa nje. Kila moja ina vyuma vidogo vilivyopangwa kuzunguka, vyenye umbo la pia iliyokatwa ncha, yaani vinene upande mmoja na vyembamba upande wa pili. Umbo hilo lina kazi yake. Gurudumu linabeba uzito unaokandamiza kutoka juu, lakini kwenye kona linasukumwa pia kutoka ubavuni, na chuma kilicholala kimshazari kinaweza kupokea yote mawili. Aliyepata hataza ya beringi za namna hii mwaka 1898 huko Marekani, pamoja na mwenzake, ni Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya kukokotwa na farasi. Naye alizaliwa Ujerumani, akavuka bahari akiwa mtoto. (Tunalitaja hili kwa ajili ya vijana wetu wanaodhani kwamba mgeni katika nchi hawezi kuleta kitu.)

Vyuma hivi vinaishi kwa grisi. Nyuma yake kuna sili ya mpira inayozuia grisi isitoke na maji yasiingie. Sili ikichakaa, na habu yenye moto ikaingia kwenye maji ya dimbwi, hewa ya ndani inapoa ghafla na kusinyaa, nayo inavuta maji kupita pale penye ufa. Maji yanaharibu grisi, kutu inaanza, na uso wa chuma uliokuwa laini kama kioo unatoka vidonda. Kuanzia hapo ndipo mlio unaanza. Mtu akiendelea kuendesha, joto linapanda mpaka chuma kinageuka rangi ya bluu, kile kizimba kinachoshika vyuma vidogo kinapasuka, na mwisho gurudumu linajikaza ghafla au linachomoka na kwenda zake. Barabara ile ya Rubondo ina mteremko mbele ya pale tuliposimama. Juu ya lori kulikuwa na akina mama, watoto na jeneza.

Wapendwa, je, dereva alikosa imani? Tufungue Matendo 27. Mtume Paulo yuko melini, amefungwa, anapelekwa Roma. Kabla dhoruba haijaanza aliwaonya kwamba safari ile ingekuwa na hasara kubwa, wala si ya shehena tu bali na ya maisha yao. Yule akida hakumsikiliza, alimwamini nahodha na mwenye meli. Tunajua yaliyofuata. Lakini kuna jambo ambalo wahubiri wengi wanalipita haraka. Katikati ya dhoruba malaika alimwambia Paulo kwamba hakuna hata mmoja atakayepotea. Ahadi ilikuwa imekwisha kutolewa, tena waziwazi, kwa watu wote 276 waliokuwamo. Basi mabaharia walipotaka kutoroka kwa mashua ndogo, Paulo alisema nini? Hakusema waacheni, malaika ameahidi. Alimwambia akida kwamba watu hawa wasipobaki ndani, ninyi hamwezi kuokoka. Ahadi ya Mungu na mikono ya mabaharia vilikwenda pamoja, na Paulo, mwenye imani kuliko wote melini, ndiye aliyesimamia mikono ile isiondoke.

Naye Bwana wetu mwenyewe, alipopandishwa juu ya kinara cha hekalu na kuambiwa ajitupe kwa kuwa malaika watamdaka, alikataa. Anayemwambia Yesu aruke katika habari ile ni Ibilisi, naye alikuwa na andiko mkononi. Kwa hiyo tusimwite mtu asiye na imani kwa sababu amekataa kuruka. Sisi tunasema bila kificho kwamba dereva wetu alitenda kama mtu anayemcha Mungu, na anayetaka aondolewe kwenye usukani ajue kwamba baraza la wazee limekataa.

Sasa tuje kwa familia. Tunajua mlivyoumia. Mama aliyewalea, aliyevuka Bunagana mwaka 2012 na wajukuu mgongoni, alistahili kufika kaburini kwa heshima, nanyi mkaona jeneza lake likishushwa barabarani na kubebwa mabegani kwenye matope kwa kilomita saba. Wapo waliosema kwamba ni mazishi ya watu wasio na mtu. Maneno hayo yamewachoma, na yametuchoma sisi pia.

Someni pamoja nasi Hesabu sura ya 7. Wakuu wa Israeli walileta magari sita na ng'ombe kumi na wawili kwa kazi ya hema. Musa aliwapa wana wa Gershoni magari mawili, na wana wa Merari magari manne, kila mmoja kwa kadiri ya huduma yake. Lakini wana wa Kohathi hawakupewa hata gari moja. Kwa nini? Kwa sababu wao walibeba vile vitu vitakatifu, na hivyo vilipaswa kubebwa mabegani. Mbao na mapazia vilipanda gari, lakini sanduku la agano lilichukuliwa na mabega ya watu. Miaka mingi baadaye Daudi alipoliweka sanduku juu ya gari jipya, mambo yaliharibika njiani, ng'ombe wakajikwaa na mtu akafa. Mara ya pili Walawi walilichukua mabegani kwa miti yake, nalo likafika Yerusalemu kwa shangwe.

Hatusemi kwamba jeneza ni sanduku la agano. Tunasema kwamba katika Biblia kitu chenye thamani kuliko vyote ndicho kilichonyimwa gari. Na siku ile tuliona kwa macho yetu wanaume wa makabila ambayo kule kwetu hayasalimiani wakipokezana chini ya jeneza moja, bega kwa bega, wanne wanatoka na wanne wanaingia bila mtu kupanga zamu. Vijana wa kanisa la Warundi walitukuta njiani wakitoka shambani. Waliweka majembe chini wakaingia chini ya jeneza kabla ya kuuliza ni nani aliyekufa. Tulifika jua likiwa bado lipo. Akina mama walikuwa wameimba njia nzima, na sauti zilikuwa zimekauka. Kama kuna mtu anaona hayo ni aibu, atuonyeshe mazishi gani katika makazi haya ya Nakivale yalikuwa na heshima zaidi.

Jambo la tatu ni gumu zaidi, na ndilo lililotufanya tuanze na ng'ombe.

Siku tatu baada ya mazishi, kijana mmoja alikuja kwetu jioni. Alikuwa miongoni mwa wale walioazima lori mwezi uliotangulia kupeleka mahindi sokoni. Alisema mlio ule waliusikia tangu siku ile, na hata waliuzungumza wao kwa wao. Walirudisha lori, wakakabidhi ufunguo, wakashukuru, wakanyamaza. Tulipomuuliza sababu, alijibu, "Pasta, tungesema, tungeambiwa tulipe. Tungelipa na nini?"

Tunaomba kila msomaji akae kidogo na jibu hilo. Ni rahisi kumpiga kijana huyu kwa mistari. Walawi 5:1 iko pale, inasema wazi kwamba shahidi aliyeona au kujua, naye asiseme, atauchukua uovu wake. Ni neno la Mungu na hatulipunguzi. Wale vijana walijua ng'ombe ana pembe. Lakini tunaoishi hapa tunajua pia hofu ile imetoka wapi. Tangu mwaka 2023, mgao ulipopangwa kwa makundi na nyumba nyingi zikapunguziwa au kuondolewa kabisa, hakuna anayeweza kuthubutu kujipachika deni. Mtu anaficha ugonjwa wa mtoto kwa kuogopa nauli. Mama anaficha kwamba paa linavuja, asije akaonekana analalamika. Tumejifunza kunyamaza mahali ambapo kusema kuna gharama, na sasa tunanyamaza hata mahali ambapo kunyamaza kunaweza kuua watu arobaini.

Kwa hiyo kanisa lina kazi mbili hapa, wala si moja. Kazi ya kwanza ni kuwaambia vijana wetu kwamba walikosea, nao wameambiwa, na yule aliyekuja ameomba msamaha mbele ya wazee na mbele ya dereva. Hatujaandika jina lake wala hatutaliandika, na wanaomtafuta tunawaomba waache. Kazi ya pili ni kuhakikisha kwamba katika nyumba ya Mungu mtu anayeonya hapewi bili. Kule kwenye Kutoka 21 mwenye ng'ombe anaonywa na nani? Na majirani, bila shaka. Andiko halisemi kwamba jirani aliyeleta habari alitozwa gharama ya kamba.

Tulimtazama fundi akifanya kazi, naye alitufundisha jambo juu ya nidhamu ya kanisa bila kujua. Ni kijana mwenye gereji ya turubai karibu na soko. Alitoa zile beringi mbovu, akatusomea namba zilizochongwa pembeni, na dereva akazipeleka Mbarara kutafuta nyingine zenye namba hizohizo. Mtunza hazina alipendekeza tununue beringi tu na kuacha ule mviringo wa nje uliokaa ndani ya habu, maana ulionekana bado una nguvu, ili tuokoe fedha. Fundi alikataa katakata. Alipitisha ukucha juu ya uso wa chuma, akatufanya na sisi tupitishe, na kweli kulikuwa na vishimo. Akasema beringi mpya ikizunguka juu ya vidonda vya zamani haimalizi msimu. Mtu angeweza kuleta hapa habari ya divai mpya na viriba vikuukuu, lakini tunadhani Bwana alikuwa anasema jambo jingine.

Alisafisha habu kwa petroli, akaikausha kwa kitambaa safi. Alikagua ekseli kama imekwaruzwa, akaona inafaa. Alijaza grisi kwenye kiganja cha kushoto, akawa anaibonyeza beringi juu yake, upande mpana ukiwa chini, mpaka grisi ikachomoza upande wa pili katikati ya kila chuma. Sili ikawekwa mpya. Kisha akakaza nati huku anazungusha gurudumu kwa mkono, akaikaza zaidi, halafu tukashangaa kuona anairudisha nyuma kidogo, akaisikilizia, ndipo akaifunga kwa pini. Tulimuuliza kwa nini amelegeza kitu alichokaza kwa nguvu. Alisema ukiiacha imekaza sana itaungua ndani ya safari moja, na ukiiacha imelegea itagongagonga mpaka ivunjike. Inatakiwa izunguke bila kucheza. Wazee wawili waliokuwa pale walitazamana. Jioni ileile baraza lilikuwa na kikao juu ya wale vijana, na ilikuwa imependekezwa watengwe mwaka mzima. Walipewa miezi miwili ya kutoazima lori, na kazi ya kuliosha kila Jumamosi.

Gharama yote ya beringi mbili, sili, grisi na kazi ya fundi ilikuwa shilingi 240,000 za Uganda. Fedha hizo zimetoka kwenye mfuko wa mabati. Tunajua wengi mlitoa kwa ajili ya mabati, na mmoja wenu alitoa kuku wake wa pekee. Kwa hiyo paa la darasa la watoto litachelewa, na Shule ya Jumapili itaendelea chini ya turubai mpaka baada ya mavuno, ambapo kila kanisa la ushirika limekubali kurudisha sehemu yake. Mtunza hazina ana hesabu zote, na mtu yeyote anaweza kuziona.

Beringi mbovu tumeiweka juu ya meza karibu na ubao wa matangazo. Baada ya ibada ya pili njooni muione, hasa vijana na wote mnaoazima lori. Mtaona rangi ya bluu na mahali kizimba kilipopasuka. Iko juu ya gazeti kwa sababu ya grisi, kwa hiyo watoto wasiishike wakiwa wamevaa nguo za Jumapili.

Ndani ya lori sasa kuna daftari. Kila anayelirudisha ataandika tarehe, alikokwenda, na chochote alichokisikia au kukiona, hata kama ni kidogo na hata kama hana hakika. Asiyejua kuandika amwambie dereva naye ataandika. Baraza limeamua kwamba hakuna atakayetozwa kwa jambo aliloliandika humo. Kalamu imefungwa kwa uzi kwenye daftari. Ya kwanza imekwisha kuchukuliwa, tunaomba hii iachwe.